Nimeacha sigara, mbona kifua ndiyo kwanza kinabana?

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa pale Ngamiani, Tanga, baada ya swala ya alasiri, kisha itaje pumu. Hutakosa mtu wa kukwambia hivi: "Mimi nilipokuwa navuta nilikuwa mzima. Nimeacha, wiki ya pili hii, nakohoa usiku kucha. Juzi nikasema nikimbie kidogo Raskazone, nimerudi nimebanwa mpaka nikatafutiwa pampu. Moyo unakwenda mbio, usingizi sipati. Ndiyo faida ya kuacha hiyo?" Mwenzake mmoja atacheka, atatoa fegi, na kazi ya wiki mbili itaishia papo hapo kijiweni.

Anayelalamika hivyo hasemi uongo. Kila alichokitaja kinamtokea kweli. Ila ameyatia yote kwenye kapu moja, wakati kikohozi kina sababu yake, kubanwa baada ya kukimbia kuna sababu nyingine, na moyo kwenda mbio una sababu ya tatu ambayo huenda imo ndani ya kikombe alichokishika. Asipozitenganisha atarudi kwenye sigara akiamini kabisa kwamba ametumia busara.

Kifua cha mwenye pumu

Njia za hewa za mwenye pumu zimevimba kwa ndani, hata siku anayojiona hana neno. Uvimbe huo ndio unaozifanya zisistahimili vitu ambavyo wengine hawavioni kabisa: moshi wa mkaa, udi, dawa ya mbu ya kuwasha, vumbi la mto wa sufi uliolaliwa miaka, mafua ya kawaida tu. Zikichokozwa, misuli inayozizunguka inakaza, makohozi yanaongezeka, na hewa inapita kwa taabu, hasa wakati wa kuitoa.

Kwa hiyo dawa nazo ni za namna mbili. Pampu ya bluu, salbutamoli, inalegeza misuli. Inaanza kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake inakwisha baada ya saa nne hadi sita, na uvimbe haiugusi. Kinachoutuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, ambayo mara nyingi huwa kwenye pampu ya rangi ya kahawia. Hiyo inatakiwa itumike kila siku, ubanwe usibanwe, na nafuu yake huja polepole, kwa siku na wiki. Wengi wanaijaribu siku tatu, hawaoni tofauti, wanaiweka juu ya kabati.

Mpango wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA, ambao mwongozo wake hutumiwa na madaktari nchi nyingi, uliacha mwaka 2019 kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana. Sababu ni kwamba bluu inampa mtu nafuu ya haraka huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini. Siku hizi inayopendekezwa zaidi ni pampu moja yenye steroidi pamoja na fomoterali, dawa inayolegeza misuli kwa haraka. Isipopatikana, au bei ikimshinda mtu, njia nyingine ni kwamba kila anapovuta ya bluu avute na ya steroidi. Piga hesabu hii mwenyewe: pampu moja ya bluu kwa kawaida ina mikupuo 200. Anayemaliza tatu au zaidi kwa mwaka yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya. Anayenunua moja kila mwezi, yaani 12 kwa mwaka, hatari yake ya kufa kwa pumu inapanda.

Na bado pampu inaogopwa. Watu husema ukiianza huiachi tena, kwamba pampu ni ya mgonjwa aliyefika mwisho. Basi mtu anameza vidonge vya salbutamoli vinavyomtetemesha mikono, au anasubiri abanwe aende kuchomwa sindano, arudi nyumbani, asubiri tena. Dawa ya kuvuta inakwenda moja kwa moja kifuani, ndiyo maana dozi yake ni ndogo sana kuliko ya kidonge. Kuwa unaihitaji kila siku si uraibu. Mwenye presha naye anahitaji kidonge chake kila siku. Nimemsikia mvutaji wa pakiti nzima kwa siku akiikataa pampu ya steroidi kwa hofu ya kuzoea dawa, na sikujua nianzie wapi.

Sigara inavyoishinda dawa

Kwamba moshi unachokoza njia za hewa, hilo halihitaji maelezo. Lisilojulikana sana ni kwamba sigara inaipunguzia nguvu steroidi yenyewe. Dozi inayomtuliza vizuri asiyevuta inaweza isimsaidie sana mvutaji. Kwa hiyo yule anayesema "ya kahawia nilitumia, haikunifaa" anaweza kuwa mkweli kabisa. Haikumfaa kwa sababu alikuwa anavuta juu yake.

Habari njema ni kwamba mambo hubadilika mapema. Mwaka 2006 madaktari wa Glasgow, Uskoti, walichapisha utafiti mdogo uliowafuatilia wavutaji wenye pumu. Walioacha walipopimwa baada ya wiki sita walikuwa wanapuliza, katika sekunde ya kwanza, takriban mililita 400 za hewa zaidi wakilinganishwa na walioendelea kuvuta. Chupa ya soda ya kawaida ni mililita 350. Kwa mtu anayepanda ngazi akihema, hiyo ni tofauti anayoisikia mwilini.

Kuna na wale wanaoapa kwamba sigara ndiyo inayowafungua kifua. Dai hili lina asili yake. Ulaya, katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, maduka ya dawa yaliuza sigara za pumu zilizotengenezwa kwa majani ya mnanaha, mmea wenye sumu uitwao pia datura. Marcel Proust, mwandishi Mfaransa aliyeteswa na pumu tangu utotoni, alikuwa mmoja wa waliozivuta. Huku Pwani nako mnanaha unajulikana, na wapo wazee waliowasha majani yake makavu wakavuta moshi. Mnanaha una atropini, ambayo kweli inalegeza misuli ya njia za hewa. Dawa ya ipratropiamu inayotumika hospitalini leo imetokana na ukoo huohuo. Lakini huwezi kujua jani moja limebeba kiasi gani, na mnanaha ukizidi unamtoa mtu akili au unamuua. Tusiurudie.

Sigara ya dukani, hata hivyo, ni tumbaku, haina atropini. Anachokisikia mvutaji wa asubuhi ni mambo mawili. Kwanza arosto ya usiku mzima inakatwa na nikotini, anajisikia mwepesi. Pili, kikohozi kinachofuata kinatoa makohozi yaliyokusanyika usiku, naye anadhani sigara ndiyo iliyoyatoa. Makohozi hayo yalikuwa yatoke hata asingewasha, kwa sababu inayofuata hapa.

Kikohozi cha wiki za mwanzo

Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyocheza bila kupumzika na kusukuma makohozi na vumbi kwenda juu kooni. Moshi wa sigara unavilemaza. Usiku mvutaji akiwa amelala vinapata ahueni kidogo, ndiyo maana asubuhi anakohoa. Akiacha kabisa, vinaanza kufufuka ndani ya siku na wiki, na vikifufuka vinakutana na uchafu wa miaka. Kikohozi kinaongezeka, makohozi yanatoka mazito, wakati mwingine yenye rangi.

Kikohozi cha aina hii kina tabia yake: kinatoa kitu, na wiki hadi wiki kinapungua. Shirika la Afya Duniani linasema kukohoa na kuishiwa pumzi hupungua kati ya mwezi mmoja na miezi tisa baada ya kuacha. Kwa mwenye pumu anayetumia steroidi yake vizuri, wiki za mwanzo ndizo ngumu.

Hapa naweka tahadhari, na naiweka kwa makusudi katikati ya makala isipite bila kuonwa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hata kama unajua umeacha sigara juzi, kipimwe kifua kikuu. Uvutaji wenyewe unaongeza hatari ya kifua kikuu, na kipimo cha makohozi kwenye vituo vya serikali hakilipiwi. Kama kuna homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu kwenye makohozi, usingoje hata hizo wiki mbili. Na mtu aliyevuta miaka mingi, umri umepita 40, akiwa anahema kila siku bila siku za nafuu, amwombe daktari ampime mapafu kwa kupuliza kwenye mashine, maana si kila kuhema ni pumu.

Kahawa na aminofilini

Sasa turudi kijiweni. Vikombe vidogo visivyo na mpini, kahawa chungu, kashata pembeni, na muuzaji anayepita na dele lake akigonganisha vikombe mkononi. Mvutaji wa Tanga anaweza kunywa sita au saba kwa jioni moja na akalala fofofo. Akiacha sigara, vikombe vilevile vinamkesha. Kwa nini?

Ini lina kimeng'enya kinachoitwa CYP1A2, na kazi yake mojawapo ni kuivunja kafeini. Kemikali zilizomo kwenye moshi wa tumbaku, wala si nikotini, zinalifanya ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi, kiasi kwamba mvutaji anaisafisha kafeini mwilini kwa kasi inayokaribia mara mbili ya asiyevuta. Moshi ukikatika, ndani ya wiki moja hivi ini linarudi kwenye kasi yake ya kawaida. Kahawa haikubadilika, lakini sasa inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, wasiwasi unapanda, usingizi unakimbia. Dalili hizo zinafanana mno na arosto ya sigara, na kwa mwenye pumu moyo ukidunda usiku anadhani anabanwa, anavuta pampu ya bluu, ambayo nayo inaongeza mapigo ya moyo.

Dawa yake ni rahisi: siku unayoacha sigara, kata kahawa nusu. Kaa kijiweni, zungumza, kunywa vitatu badala ya sita, cha mwisho kabla ya magharibi. Chai ya rangi nayo ina kafeini, usihamie huko kwa vikombe vikubwa.

Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja aminofilini, vidonge ambavyo wengi wenye pumu huku kwetu bado wanavitegemea kwa sababu ya bei. Aminofilini ikiingia mwilini inafanya kazi kama teofilini, ndugu wa karibu wa kafeini kwa umbile la kemia. Tofauti ni kwamba nafasi kati ya dozi inayosaidia na dozi inayodhuru ni nyembamba. Mvutaji aliyekuwa anasaidiwa vizuri na vidonge vyake, akiacha sigara bila kupunguziwa dozi, dawa inaweza kujazana mwilini: kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, moyo kwenda ovyo, na ikizidi sana degedege. Watu wa nyumbani watasema "kuacha sigara kumemdhuru", kumbe ni kidonge. Siprofloksasini, antibayotiki inayonunuliwa kiholela, nayo inakizuia kimeng'enya hiki, kwa hiyo usiichanganye na aminofilini bila kumwambia mfamasia. Kama unatumia aminofilini au teofilini, mwone daktari kabla ya siku ya kuacha, usingoje utapike.

Kwa kuwa kinachokichochea kimeng'enya hicho ni moshi na si nikotini, anayeacha sigara kwa kutumia ulimbo wa kutafuna wenye nikotini au kibandiko cha ngozi naye kahawa itamkaa vilevile. Jambo hilo huwachanganya hata wauza dawa.

Arosto

Arosto yenyewe huwa kali siku mbili tatu za kwanza, kisha inalegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu moja moja ya kuvuta inapanda, inakaa dakika chache, inashuka, hata kama hukuwasha kitu. Mkono na mdomo vinataka shughuli; mswaki wa mti mdomoni unafanya kazi hiyo vizuri kuliko pipi, na hakuna atakayekushangaa.

Adui mkubwa, kwa maoni yangu, ni sigara ya moja moja. Anayelazimika kununua pakiti anapata muda wa kufikiri. Anayepita dukani na sarafu mkononi hapati. Badilisha njia ya kurudi nyumbani kwa wiki chache kama duka lako liko kona. Na usibadilishe sigara kwa ugoro, kuberi au sigara za umeme, maana uraibu ni uleule. Shisha ni mbaya zaidi kwa kifua: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi wa ujazo wa mara 100 hadi 200 ya sigara moja.

Ulimbo na vibandiko vya nikotini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu 2009, na mwenye pumu anaweza kuvitumia. Usivitafute kila duka la dawa muhimu la mtaani. Ulizia famasi kubwa za mjini, au umwulize daktari ni nini kinachopatikana.

Anayefunga Ramadhani ana mtaji ambao hautumii. Kuanzia alfajiri hadi magharibi hakuvuta, na gesi ya kaboni monoksaidi iliyokuwa imeshikilia damu yake imeshaanza kushuka sana kufikia saa ya futari. Kisha anaitafuta sigara kabla ya tende. Kama kuna mwezi wa kuchagua siku ya kuacha, ni huo. Tahadhari yake ni moja: watu wengi wakifunga wanaacha na pampu ya steroidi. Hiyo hutumika asubuhi na jioni, kwa hiyo inaweza kuvutwa baada ya daku kabla ya adhana na tena baada ya futari. Kuhusu pampu ya dharura mchana, muulize shehe wako mapema, kabla ya Ramadhani, badala ya kuanza kubishana huku unabanwa. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Mazoezi: kwa nini unabanwa baada ya kusimama

Kwenye mchakamchaka wa shule, mwenye pumu alikuwa anakaa pembeni na cheti cha daktari. Wengi tulikulia na picha hiyo, kwamba pumu na mbio haviendi pamoja. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyegunduliwa na pumu akiwa kijana, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyokaa mpaka 2019 ilipovunjwa na Brigid Kosgei wa Kenya. Siyo kwamba sote tutakimbia hivyo. Ila cheti kile cha kukaa pembeni kilikuwa kinawanyima watu mazoezi, ambayo nayo ni dawa.

Kinachotokea ni hiki. Ukikimbia unahema haraka kwa mdomo, na hewa nyingi inaingia bila kupashwa moto na kulowanishwa na pua. Njia za hewa zinapoteza maji, zinakauka, na zile zilizovimba tayari zinajibu kwa kukaza. Kwa kawaida kubana huku kunakuja dakika tano hadi kumi baada ya kusimama, na kunaachia kwenyewe ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu asiye na mazoezi anayehema katikati ya mbio na kupata nafuu akisimama, huyo amechoka tu. Anayesimama, akaona nafuu, kisha kifua kikaanza kulia, huyo pumu yake imechokozwa.

Kuna jambo zuri ndani yake. Njia za hewa zikishachokozwa kidogo, kwa watu wengi, ingawa si wote, zinakuwa ngumu kuchokozeka tena kwa saa moja hadi tatu. Ndiyo sababu kupasha mwili moto kuna maana ya pekee kwa mwenye pumu: dakika 10 hadi 15 za kutembea haraka zikichanganywa na vimbio vifupi vya nusu dakika, ndipo uanze zoezi lenyewe. Daktari anaweza pia kukushauri uvute pampu ya kufungua dakika 10 au 15 kabla. Lakini ukiona huwezi kutoka nyumbani bila hiyo kila siku, tafsiri yake ni kwamba uvimbe haujatulizwa, rudi kwenye steroidi.

Kabla ya kuanza kukimbia, jiulize kuhusu wiki nne zilizopita. Je, dalili za mchana zimekuja zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeamka usiku kwa pumu? Nimehitaji pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi au shughuli nimeshindwa kwa sababu ya kifua? Majibu ya ndiyo yakifika matatu, pumu haijadhibitiwa na mbio zisubiri. Tembea tu kwa sasa. Kutembea hakusubiri chochote, hata siku ya kwanza ya kuacha sigara.

Kasi ipimwe kwa maongezi. Kama unaweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na hapa mji wa Tanga una upendeleo wake: ni tambarare na umejaa baiskeli. Anayeendesha kutoka Makorora hadi mjini na kurudi kila siku ameshaanza bila kujua. Kilichobaki ni kuongeza mwendo kidogo na kuacha kuwasha fegi anapofika.

Chagua saa na njia. Alfajiri ya Raskazone, hewa ya bahari ina unyevu, na unyevu ndio kifua kinaoutaka. Ila alfajiri hiyohiyo ndiyo watu wanachoma taka uani, kwa hiyo ukiona moshi geuza njia. Barabara ya malori kiangazi si mahali pa kukimbia, wala jirani na vumbi la chokaa na saruji upande wa Pongwe. Kuogelea kunachokoza pumu kidogo kuliko kukimbia, kwa sababu hewa iliyo juu ya maji ni ya unyevu. Lakini usiogelee peke yako, na pampu ikae ufukweni kwa mtu anayejua ni ya nini. Ukiwa na mafua, pumzika.

Mazoezi yanaachisha sigara? Kutembea haraka dakika chache hupunguza hamu ya kuvuta kwa muda huo. Hilo limeonekana tena na tena. Kwamba anayefanya mazoezi anaishia kuacha kabisa kuliko wengine, tafiti hazijalithibitisha. Mimi ningeyafanya kwa ajili ya kifua, na hamu ikipungua niseme alhamdulillahi.

Chupa ya maji

Kitu kimoja cha bei ndogo kinaweza kubadilisha mengi. Watu wengi wanapovuta pampu, dawa inabaki ulimini na kooni. Kifaa cha plastiki cha kuunganisha pampu na mdomo kinasaidia dawa ifike kifuani, lakini dukani ni ghali au hakipo. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, waliwajaribu watoto waliobanwa na pumu kwa chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Chukua chupa ya maji ya mililita 500, ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kufutwa, maana kufuta kunaifanya plastiki ivute dawa ing'ang'anie ukutani. Kunja waya upate umbo la mdomo wa pampu, uupashe moto, utoboe kitako cha chupa. Tundu libane sawasawa. Kama lina mwanya, ziba kwa gundi au plasta. Pampu inaingia kitakoni, mdomo wako unakaa pale pa kunywea. Tikisa pampu, toa pumzi, bonyeza mara moja, vuta polepole, shikilia pumzi mpaka sekunde kumi kama unaweza. Mkupuo wa pili ufanye vivyo hivyo, usibonyeze miwili kwa pamoja. Baada ya steroidi sukutua kinywa na uteme, usije ukapata utando mweupe wa fangasi.

Mpangilio na siku ya hatari

Kama ningemshauri mtu leo, ningemwambia asianze vyote Jumatatu moja. Aanze na steroidi ya kila siku kwa wiki mbili tatu, pamoja na kutembea. Ndipo aweke siku ya kuacha sigara, akate kahawa siku hiyohiyo, na aminofilini iwe imeshazungumzwa. Mbio zije kikohozi kikishalegea. Watu hufanya kinyume: wanaacha sigara na kuanza kukimbia siku moja kwa hasira, bila dawa yoyote ya uvimbe, na ndiyo hadithi tuliyoanza nayo.

Kuna dalili ambazo haziwezi kuwa za sigara iliyoachwa. Kushindwa kumaliza sentensi, midomo au kucha kugeuka rangi ya bluu, mbavu kuingia ndani kila unapovuta hewa, kusinzia huku unahema, au pampu ya bluu kuhitajika tena kabla ya saa nne kupita. Hapo mgonjwa akae wima, asilazwe, avute salbutamoli kwa kupitia chupa mkupuo mmoja mmoja, minne hadi kumi, na usafiri uitwe wakati huohuo. Kwa walio mjini ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Walio mbali waende kituo kilicho karibu chenye oksijeni, usiku uwe usiku.

Siku ya kliniki ya kawaida, beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za madukani na za mitishamba, mwambie daktari tarehe uliyoacha au unayotaka kuacha kuvuta, na mwonyeshe unavyoivuta pampu badala ya kumweleza kwa mdomo. Muulize kama kuna pampu ya steroidi unayoweza kuimudu kila mwezi, siyo mwezi huu tu.